Gari la Ukoo Limenizidi Inchi Tatu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Gari la Ukoo.

YAH: KUINULIWA KUPITA KIASI KWA GARI LILILONUNULIWA KWA AJILI YANGU

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni kifungua mimba wangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na uvumilivu wa kusoma ukurasa hadi mwisho, jambo ambalo hukulipenda tangu shule. Ningeweza kukuita sebuleni tukazungumza, maana tunalala chini ya paa moja. Lakini kila nikifungua mdomo kuhusu gari naambiwa, "Baba, leta kwa maandishi, tutalipitisha kwenye kikao." Haya, nimeleta.

Kwa faida ya wajumbe waliozaliwa juzi, naeleza kwa ufupi. Nilitoka kwetu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, siku baadhi yetu tulipoambiwa asubuhi tuhame, jua lisituchwee pale. Nilibeba cherehani ya mkono, futi ya kupimia nguo na kitabu kimoja kisicho na jalada. Hiyo ni miaka hamsini na moja iliyopita. Tangu hapo nimeshonea watu wa miji mitatu, nimesoma kila kilichopita mikononi mwangu, hata magazeti ya kukatia vielelezo, na kwetu sijarudi. Barabara ya kule ilikufa kwa kukosa wapitaji. Sasa ni mawe, makorongo na mto usio na daraja. Ndipo ninyi wanangu mkakubaliana kutafuta gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, mnipeleke nikaone kama nyumba ya baba yangu ingali imesimama. Kwa hilo nilishukuru, na bado nashukuru. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba siwezi kulipanda. Nimelipima kwa futi yangu mara tatu, nikiwa nimevaa miwani. Sakafu ya gari iko inchi thelathini na mbili kutoka ardhini. Mguu wangu, kutoka kwenye pindo la ndani la suruali hadi kisigino, una inchi ishirini na tisa, na haujabadilika tangu nilipojishonea suruali ya harusi. Kwa hiyo gari limenizidi inchi tatu. Haya si maoni, Mwenyekiti. Ni vipimo.

2. Kwamba urefu huo haukuchaguliwa na mtu yeyote. Fundi wa gereji, mtu wa maneno machache, aliwaambia ninyi wanangu wawili na mkwe wetu, wote watatu, mbele yangu: "Inchi mbili zinatosha. Mkizidisha tutaanza kugusa paipu za breki na shafti, na gari litayumba kwenye kona." Mkaitikia kama darasa la kwanza. Kisha wewe ukalipeleka gari likafungwa springi na shokapu ndefu, inchi mbili, ukakaa kimya kwa sababu ulitaka kutangaza kikaoni upigiwe makofi. Wiki iliyofuata mdogo wako, tunayemwita Profesa kwa wingi wa video za magari alizotazama, akalichukua kwa fundi wake mwingine. Hakujua kama umeshamtangulia. Akaweka vipande vya chuma juu ya springi, inchi mbili. Mkwe wetu naye, mpole asiyependa makelele, aliwaona ninyi ndugu wawili mnanuniana juu ya nani aliinue gari, akadhani bado halijainuliwa, akaamua kuumaliza ugomvi kimya kimya: akafunga matairi makubwa, inchi mbili nyingine. Kila mmoja wenu alifuata ushauri wa fundi kwa uaminifu kabisa. Fundi alipoliona gari alilizunguka mara mbili akauliza, "Mzee, mmehamia ukoo wa twiga?"

3. Kwamba Jumamosi iliyopita, katika jaribio la kunipakia, nilidhalilishwa. Profesa alinivuta mikono kutoka ndani akisema, "Baba, legea, legea!" Mtu wa miaka sabini na minne akilegea, kijana wangu, harudii kukaza. Wewe ulisimama pembeni ukitoa maelekezo kama mwenyekiti. Na mkwe wetu, ambaye kwa miaka kumi na mitano amekuwa akinipisha mlangoni kwa heshima, alilazimika kunisukuma kutoka nyuma kwa mikono miwili, mahali ambapo mkwe hapaswi hata kupatazama. Tangu siku hiyo anakula chakula chake jikoni. Mama yenu naye, badala ya kulia, aliketi kwenye ndoo akacheka mpaka akashika mbavu: "Miaka arobaini na saba ya ndoa, sijawahi kumwona huyu mzee akielea!" Nikashushwa. Jaribio likaahirishwa.

4. Kwamba taa za mbele, ambazo zamani zilimulika barabara, sasa zinamulika dirisha la ghorofa ya kwanza la jirani yetu mwalimu. Ameniuliza kwa adabu kama tunamtafuta.

5. Kwamba nilipoomba kigoda cha kupandia, kikao kilipitisha kwamba kigoda "kitaharibu mwonekano wa gari." Mwonekano wangu mimi haukuwa kwenye ajenda.

6. Hili ndilo linaloniuma, na naomba lisomwe polepole. Mtu akirudi kwao baada ya miaka hamsini na moja, anapaswa kushuka kwa miguu yake. Pengine wamebaki wawili watatu wanaonikumbuka. Watatoka kunipokea. Sasa fikiria: gari linasimama, mlango unafunguliwa, na mimi nakaa kule juu kama mzigo wa mtumba, nikisubiri wanaume wawili wanipokee kwapani. Nitawasalimuje? Rika langu nitaliambia "habari za siku nyingi" nikiwa juu ya vichwa vyao? Na kama yupo aliye mkubwa kwangu, shikamoo yangu itamwangukia utosini kama tunda bovu. Watasema, "Aliondoka kwa miguu, amerudi hawezi kushuka." Nilipotoka niliwaacha na picha ya kijana aliyenyooka. Sitaki gari liipoteze.

Kutokana na hayo, naomba Kamati itekeleze yafuatayo:

(a) Gari lishushwe inchi nne, libaki na zile mbili za fundi. Ikiwa springi, vyuma na matairi haviwezi kuondolewa bila mmoja wenu kukasirika, basi lisishushwe. Badala yake uchimbwe mtaro mbele ya lango letu, kina cha inchi sita, gari liingie humo ndipo nipande, sakafu ikiwa pale ilipokuwa kabla hamjaiinua.

(b) Kwa kuwa kibofu cha mzee hakisubiri kikao, mitaro kama hiyo ichimbwe kila mahali tutakaposimama njiani. Nimekadiria kumi na minane. Wachimbaji watangulie siku tatu.

(c) Kwa kuwa hatuwezi kujua hasa nitakapotaka kusimama, ni salama zaidi njia yote ichimbwe, kutoka langoni hadi kwetu. Ikishachimbwa, mawe yatakuwa yameondolewa na makorongo yamesawazishwa, na gari la kawaida litapita bila shida. Hapo hili la kwenu liuzwe.

(d) Watakaoona kazi hiyo ni kubwa, basi wafanye ndogo: waende wao, wapige picha ya nyumba ya baba yangu, waniletee. Nitaitazama nikiwa kitini, kwenye kiti chenye inchi kumi na nane, ambacho hakijawahi kunitukana.

(e) Hata hiyo picha isiharakishwe. Kwanza Kamati ijiuzulu, ichaguliwe nyingine. Halafu mto upimwe wakati wa kiangazi, upimwe tena wakati wa masika, na vipimo vilinganishwe. Halafu goti langu la kushoto lipewe nafasi ya kupona. Naona safari inaweza kufikiriwa tena mwakani, au mwaka utakaofuata. Mimi sina haraka. Nimezoea kungoja.

Msidhani nimekosa shukrani. Najua kila mmoja wenu alipoinua gari alikuwa anaogopa jambo moja tu, nisije nikakwama njiani. Lakini ukoo unaopendana bila kuambiana humfikisha mzee wao mbinguni kabla ya wakati, na tena kwa matairi mapya.

Nisalimie mdogo wako Profesa, umwambie video azime apumzishe macho. Msalimie mkwe wetu, arudi mezani. Yaliyotokea yametokea, na mikono yake ilikuwa na adabu. Wasalimie wajukuu wote kwa majina yao, mkubwa kwa mdogo. Msalimie fundi. Msalimie na jirani mwalimu, na dirisha lake. Mama yenu nitamsalimia mwenyewe, akimaliza kucheka.

Ni mimi, kwa masikitiko yaliyopimwa,

Baba yenu,
Mshonaji mstaafu, na abiria mtarajiwa wa gari lililotajwa.

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi nimeona si haki kuwaficha mahali ninapoandikia. Nimo ndani ya gari. Asubuhi, mlipokuwa mmekwenda kazini, nilikuja kulipima mara ya nne ili namba zangu zisipingwe. Mlango haukuwa umefungwa. Nikashika kile kishikio cha juu, nikatanguliza goti baya, nikajivuta, na kabla sijamaliza kulaani nikajikuta nimeketi. Hakuna aliyenisukuma. Tumekaa mtaa huu miaka ishirini na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza naona juu ya ukuta. Nyuma ya mapaa ya kiwanda cha matofali kuna vilima, Mwenyekiti. Vya buluu, na viko upande ule ule wa kwetu. Hakuna aliyewahi kuniambia, kwa sababu hakuna wa nyumba hii aliyewahi kukaa juu kiasi hiki akatazama upande ule.

Kwa hiyo futa namba 1 hadi 6, na herufi zote. Msilishushe hata kwa unene wa uzi. Fundi amepita hapa saa nne. Anasema paipu za breki ameshabadilisha, magurudumu ameyanyoosha, na litafika mradi asiendeshe Profesa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika nikakuta hakuna nyumba wala mtu, nikaona afadhali nizilaumu springi. Bado naogopa. Lakini nimeshapanda, na sidhani nitaweza mara ya pili.

Basi mama yenu alete koti langu na dawa za presha, na wewe njoo na ufunguo tuondoke leo hii. Msihangaike kutafuta mtu wa kuniteremsha. Nitashuka tukifika.