Waya Niliouchomoa Mama Mkwe Akisikiliza

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimenyimwa! Mwalimu Mkuu ametangaza katika kikao kwamba saa ya jioni ya redio ya shule itabaki mikononi mwa Madam Bitutu. Biolojia! Mimi, Sylvanus Anyona, mwalimu wa Historia na MC wa harusi kuanzia Birongo hadi Nyamache, nimeachwa na chaki yangu.

Nieleze vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Redio yetu haina mnara. Inapita kwenye intaneti. Makao yake ni stoo ya zamani ya majembe, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kuna kompyuta, maiki, na waya wa bluu unaoleta intaneti kutoka ofisini. Mwenye simu anabonyeza tu kiungo na kusikiliza, awe Birongo au Ulaya.

Na saa kumi na moja jioni ndiyo saa tamu. Wakulima wako kwenye vituo vya majani chai, magunia yamejaa, wanangoja lori. Hawana pa kwenda. Masikio ya bure! Desemba ni msimu wa harusi. MC gani mwenye akili asingeitaka saa hiyo?

Nitaichukua. Sijui kwa njia gani, lakini nitaichukua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimesikiliza kipindi cha Bitutu ili nitafute makosa. Nikajificha nyuma ya choo cha walimu na simu sikioni.

Wueh. Sikupata makosa.

Watangazaji ni wasichana wawili wa Form Three, Nyakerario na Ayan. Nyakerario ni mtoto wa wakulima wa hapa Birongo, darasani kwangu hafungui mdomo. Ayan baba yake ana duka la nguo Kisii mjini. Walifundisha figo. Figo! Kwa Kiswahili, kisha kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, kwa mifano ya kuchuja chai kwenye kichujio, mpaka na mimi nikaelewa kazi ya kitu nilichokibeba miaka hamsini. Kisha wakawapigia simu wanafunzi walio nyumbani. Kuna msichana anaitwa Ashley, alianguka kutoka kwenye mti wa parachichi, mguu umefungwa plasta, yuko kwao Nyamira. Akaulizwa swali akajibu barabara. Darasa zima likapiga makofi, nami huku nyuma ya choo nikajikuta napiga. Mpishi aliyekuwa anapita akaniuliza kama niko salama.

Wale watoto wana kipaji. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayesoma mpaka wajukuu.

Jioni Purity, mke wangu, alikuwa ananiambia jambo kuhusu mama yake, ile simu niliyomnunulia Agosti, na kituo cha chai cha Nyamache. Sikushika vizuri. Nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti ya mzee.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza. Umekufa.

Nilipiga simu kwenye kipindi kwa namba mpya, sauti nzito. Nikasema mimi ni Mzee Ismael, mfanyabiashara wa ndizi, Daraja Mbili. Nikasema sisi wafanyabiashara wa ndizi tunalia usiku na mchana, tunataka kumsikia yule mwalimu hodari wa Historia, Bwana Anyona, ambaye sauti yake ni dawa. Ayan alinisikiliza kwa heshima. Nikaona samaki amenasa.

Kisha akaniuliza kama kawaida ya redio: ningependa kuwasalimia akina nani?

Ni nani huku kwetu anaweza kuulizwa swali hilo akanyamaza? Salamu zikatoka zenyewe. Nikamsalimia mke wangu Purity popote alipo. Nikawasalimia walimu wenzangu wote wa idara ya Historia. Nikawasalimia vijana wangu watukufu wa Form Three, wakumbuke kuleta madaftari kesho.

Ayan akamshukuru Mzee Ismael, muuza ndizi wa idara ya Historia, akaweka wimbo. Mabweni yote yalicheka. Nilisikia kicheko kwa sikio moja kupitia simu na kwa sikio la pili kupitia dirishani.

Bitutu alinifuata kwenye chumba cha walimu. Nilijiandaa kugombana. Badala yake akaniambia kwa upole kwamba kama nilitaka maiki si ningeomba tu, na kwamba kesho atanipa robo ya kipindi, nifundishe Mkutano wa Berlin. Huyu mwanamke ananichokoza kwa wema! Hata adui mzuri sina.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeharibu. Naandika hivyo hivyo.

Nilianza vizuri na Berlin. Lakini nikaona kwenye kompyuta namba ya wasikilizaji inapanda, na kwenye ile namba mimi nikaona harusi. Nikasema moyoni, acha niwape kichekesho kimoja, wajue nani yuko hewani. Nikachagua kile cha mahari, ambacho hakijawahi kuniangusha.

Kinaenda hivi. Siku niliyopeleka ng'ombe wa mahari, mama mkwe hakunitazama mimi, alimtazama ng'ombe. Akamzunguka. Akamfungua mdomo, akakagua meno. Kisha akanigeukia mimi, nami nikajua zamu yangu imefika, nikafumba mdomo wangu kwa mikono miwili. Watu hucheka hapo. Halafu unakuja mwisho mtamu: mama mkwe anasema ng'ombe ni mzuri lakini huyu kijana ni bora zaidi, mpeni kiti, mpeni chakula. Hapo akina mama hupiga vigelegele.

Nilipofika kwenye kufumba mdomo, Nyakerario akanisogezea karatasi. Alikuwa ameandika: "Mwalimu, kuna salamu kutoka kituo cha chai Nyamache. Mama Purity anasikiliza, anasema mkwe wake yuko redioni."

Ni mama mkwe! Jina la mama mkwe silitaji hata humu kwenye shajara. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu, ile tunayoiita ensoni. Hamsalimiani kwa mkono, hamtaniani, akipita njia unampisha. Na mimi nimemweka hewani akikagua meno, mbele ya kijiji chake, kupitia simu niliyomnunulia mwenyewe!

Nikafanya nini? Nikachomoa waya wa bluu.

Redio ikazimika. Nikashusha pumzi. Nikawaambia wasichana nimewahi, nimeokoa jahazi. Ayan akaniangalia kwa huruma akasema, kwa heshima zote mwalimu, yaliyotangulia yalishafika. Mwalimu amekata ule mwisho tu.

Ule mwisho tu! Nyamache nzima imesikia matusi, na sifa zimebaki kwenye waya mkononi mwangu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baba mkwe amekuja. Mzee Nyabuto, mtu ambaye maishani mwake hajawahi kumiliki simu na hataki. Aliingia ameishika ile simu ya mama kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, imefungwa kwenye leso. Akaiweka mezani. Akasema mama ameshukuru kwa zawadi, lakini zawadi imemvua nguo mbele ya watu, na irudi kwa mwenyewe.

Purity akamletea chai. Akaikataa. Chai! Akatoka bila kuketi.

Purity hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikaa anaitazama ile leso. Akasema tangu macho ya mama yaanze kufifia, hasomi tena Biblia wala nyimbo, na kile kipindi cha jioni ndicho kilikuwa kinamfurahisha. Alikuwa anawajua wale wasichana kwa majina. Alikuwa anawaombea. Na sasa hata kituoni haendi, anamtuma jirani na majani. Kisha akachukua sanduku, akasema anaenda kukaa na mama yake mpaka atakapojua aibu hii inaisha vipi.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimejipikia ugali. Umeungua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sabato, kanisani. Kila mtu alikohoa nilipopita. Mzee wa kanisa akaomba kwa ajili ya ndimi zetu, akafumbua jicho moja kunitazama.

Niliwaza niende Nyamache nipige magoti. Haiwezekani! Ensoni ile ile iliyovunjwa ndiyo inanizuia kwenda kusimama mbele yake. Nikawaza nimpigie. Simu ninayo mimi. Nikawaza nimtume mtu. Nani? Wote wanacheka.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekula ndizi mbichi za kuchemsha bila chumvi. Sijui Purity huweka wapi chumvi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nitaandika polepole kwa sababu nimeona jambo.

Asubuhi Nyakerario aliniomba ruhusa ya kusema. Akasema kama kosa lilisikika na kituo kizima, na msamaha uombwe kituo kizima kikisikia. Akasema mimi nisiongee, maana mkwe haongei, mkwe huombewa. Yeye atasoma kwa niaba yangu, kwa Ekegusii, kama binti anayetumwa. Ilibaki tu mama afike kituoni. Bitutu akampigia Purity, Purity akamwambia mama yake kwamba leo wale wasichana wana neno lake yeye. Si la mkwe, la wasichana. Akakubali kwenda.

Nikaandika msamaha. Kurasa nne. Nilianza na historia yangu kama MC. Nyakerario akachukua kalamu, akaniomba radhi, akakata, akakata, akakata. Yaliyobaki yalikuwa mafupi na hayakuwa na jina langu popote isipokuwa kwenye kosa.

Niliambiwa nikae nje, mbali na waya.

Nilikaa kwenye nyasi na simu yangu. Nyakerario akasalimia wazazi walio vituoni, akamsalimia Ashley na mguu wake. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema ametumwa na mkwe ambaye hana uso wa kuja. Akasema mkwe huyo alisema jambo na hakulimaliza, na heshima ya mama ilikuwa kwenye ile sehemu iliyokatika. Akaisoma sehemu hiyo. Ng'ombe ni mzuri, lakini huyu kijana ni bora zaidi. Akamwomba mama apokee watoto wake wote, pamoja na yule asiyejua kunyamaza.

Nililia. Nililia kabisa, na kamasi. Miaka yote nimeshika maiki nikidhani kazi yake ni kunifanya nionekane, na mtoto wa Form Three ameshika maiki hiyo hiyo akamfikia mama mmoja, kwenye kilima kingine, asiyeona vizuri, moja kwa moja moyoni. Bitutu ndiye aliyemfundisha. Nakubali. Nakubali kwa wino!

Baadaye Purity akanipigia. Akasema Jasper, karani anayepima majani kule kituoni, aliweka simu yake ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, watu wakaizunguka, hata lori lilipofika dereva akaambiwa azime injini. Mama alijifunika leso usoni. Purity alidhani analia. Kumbe anacheka! Akacheka mpaka akakalia gunia la majani. Kisha akaomba simu ya Jasper, akapiga redioni.

Nilimsikia mwenyewe. Akawashukuru binti zake Nyakerario na Ayan. Akamwambia Ashley asipande tena mti. Kisha akasema kuna kosa dogo la kurekebisha katika habari ile, kwa kuwa shule ni mahali pa ukweli. Siku ile ya mahari yeye hakusema kijana ni bora zaidi. Alisema ng'ombe ni mzuri sana, na huyu kijana tutamzoea.

Mabweni yalicheka kuliko siku ya ndizi. Nami nikacheka.

Jumatano, 15 Oktoba

Purity amerudi! Chumvi ilikuwa nyuma ya mtungi. Mama ameipokea simu yake, na kwa leso ile ile amenirudishia mayai.

Kwa shukrani nimenunua spika. Kubwa! Nimempelekea Jasper aifunge juu ya mlingoti wa kituo cha Nyamache, wasitumie tena sufuria. Jasper amenipigia kuniambia inasikika ng'ambo ya mto, na kwenye migomba ya baba mkwe inasikika kama mtu amekaa hapo.

Bitutu ni muungwana. Amenipa tena robo ya kipindi kesho nimalize Berlin, kwa sharti Ayan akae kati yangu na waya. Nimemwapia kwamba nimejifunza. Sitamtaja mama mkwe tena milele.

Lakini kipindi hakiwezi kuanza kikavu. Nimetunga kichekesho kipya na kitamu ajabu, cha mzee anayeshika simu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nimekifanyia mazoezi mbele ya kioo. Purity ananiuliza nacheka nini, nimemwambia asubiri kesho.

Na safari hii hakuna hatari yoyote. Mzee Nyabuto hana simu.