Karani Fakihi na Picha Yenye Muhuri

Jumatatu, 10 Juni 1974. Kilwa Masoko.

Siku njema! Ndugu Katibu katangaza leo: ofisi yetu itapeleka kitabu kimoja cha safari kwenye maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam, pamoja na mwenye kitabu. Nauli juu ya ofisi. Kitabu kioneshe vijiji vyetu vya ujamaa vikipendeza.

Mwenye kitabu ni mimi, Fakihi. Kitabu chenyewe sijakianza, lakini ni mimi.

Maana nina kisanduku cha rangi za maji. Niliachiwa na mwalimu mmoja mgeni aliyerudi kwao, pamoja na kijitabu kinachofundisha kuchora upesi ukiwa safarini. Rangi zilikuwa kumi na mbili. Zimebaki tatu: buluu, nyekundu, manjano. Kijitabu kinasema tatu zinatosha. Brashi alichukua panya.

Mpinzani: Rafaeli. Meza yake iko mbele ya yangu. Ofisi ina meza saba, na ya dirishani ni yangu, naye haishi kuikodolea macho. Ana kamera ya shemeji yake. Keshokutwa tunakwenda wote Nambikwi, ukiipita Kiswere, kuandika orodha ya nyumba kabla kijiji hakijapangwa kwa mistari. Nimempa pole mapema. Hakuelewa ni ya nini.

Jumatano, 12 Juni. Nambikwi.

Lori limetutikisa tangu alfajiri. Mgongo hauko mahali pake.

Tumepokewa na Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kibwana. Mtu wa utaratibu! Kofia imenyooka, fimbo imenyooka, sasa anataka na kijiji kinyooke. Nikamwamkia shikamoo. Kabla ya kuitikia marahaba aliuliza kwanza kama nimekuja na muhuri. Ninao, mfukoni, pamoja na kidau chake cha wino. Basi akaitikia.

Nimepangiwa kulala kwa Bi Ziada, mjane, msuka mikeka. Nyumba alijengewa na marehemu mumewe: minazi mitatu nyuma, baraza pana mbele, kivuli cha kutosha. Kanipikia wali wa nazi na pweza. Ananiita mwanangu. Nimeongezwa mara mbili bila kuomba.

Baada ya chakula tumezunguka na nimeandika orodha. Nyumba thelathini na mbili. Kazi ya ofisi imekwisha! Jioni nikaketi barazani kwa Bi Ziada kuanza sanaa.

Kanuni za kijitabu ni rahisi. Usizidi dakika kumi. Anza na maumbo makubwa. Hapa ni mapaa ya makuti. Mtu ni nukta na mstari, usihangaike na pua. Usipake rangi kila mahali, karatasi nyeupe iache iwe jua. Brashi nimejitengenezea: nimetafuna mswaki mpya mpaka ukalainika. Unapaka vizuri, na meno yamesafishika.

Lo! Picha imetoka! Kijiji kizima juu ya karatasi moja, na bahari kidogo pembeni. Nikatia sahihi. Sahihi peke yake ikaonekana nyonge. Nikapiga muhuri wa ofisi. Sasa imekamilika.

Alhamisi, 13 Juni.

Balaa. Mbuzi wa Bi Ziada kala orodha. Yote, majina na mistari. Kisha kayanywa maji ya rangi. Anatembea kijijini na midomo ya buluu, hana hata haya.

Kuzunguka tena nyumba thelathini na mbili kwa jua hili? Sithubutu! Nikampelekea Mwenyekiti ile picha, nikamweleza kwamba siku hizi orodha za kisasa zinachorwa: nyumba unaziona kwa macho, majina ya nini? Akaitazama picha. Akautazama muhuri. Akasema kweli serikali imeendelea.

Rafaeli aliniuliza orodha iko wapi. Nikamwambia ashughulike na kamera yake.

Alasiri Mwenyekiti akapita kijijini, picha mkono huu, chaki mkono huu, akiandika namba mlangoni pa kila nyumba iliyo kwenye picha. Yenye namba inabaki. Isiyo na namba iko nje ya kijiji: inavunjwa, na Jumatatu lori linakuja kumhamishia mwenyewe bondeni, kwenye mbu na tope. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na moja. Kwa Bi Ziada akasimama. Akaigeuza picha huku na huku. Akasikitika sana, akasema nyumba hii haimo.

Nikaitazama. Haimo kweli! Itakuwamo vipi, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya baraza lake? Nilichora nilichokiona. Mbele yangu kulikuwa na kijiji, nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Nikaeleza hayo yote. Mwenyekiti akajibu kwamba habari za nani alikaa wapi hazimhusu, yeye anaona muhuri. Nikasema basi nitaiongeza. Akaruka! Karatasi ya serikali haiongezwi kitu baada ya muhuri, hiyo ni kughushi, na kughushi ni jela.

Bi Ziada hakunilaumu. Alinipakulia kama kawaida, kisha akaanza kukunja mikeka yake, mmoja mmoja, na kuipanga mlangoni. Akasema mumewe alikata boriti za nyumba ile kwa mkono wake, na hajui kama zitavumilia kung'olewa. Afadhali angenitukana. Nimeona aibu, naandika hivi kwa sababu hakuna atakayesoma. Wali haukupita kooni. Ulipita baadaye.

Ijumaa, 14 Juni.

Mpango! Picha haiongezwi, sawa. Lakini picha mpya yenye muhuri mpya inafuta ya zamani. Nimemweka Mwenyekiti sawa baada ya sala ya Ijumaa, akakubali kwamba huo ni utaratibu.

Nikatafuta mahali ambapo nyumba ya Bi Ziada inaonekana vizuri. Panapofaa ni baraza la Mwenyekiti mwenyewe: linaelekeana nayo, na kahawa haikatiki. Nikaketi. Dakika tisa! Nyumba ya Bi Ziada katikati, kubwa kuliko msikiti, na minazi yake mitatu. Rangi nyekundu ikaniishia njiani, nikamwomba Bi Ziada ile anayotilia ukili wa mikeka. Ina nguvu balaa. Vidole vyangu vyote ni vyekundu, na sikio moja, maana nilijikuna. Haitoki kwa sabuni, haitoki kwa mchanga.

Nikagonga muhuri mara mbili, kwa uhakika. Bi Ziada kakunjua mkeka mmoja. Leo nitalala fofofo.

Jumamosi, 15 Juni.

Masalale!

Mwenyekiti kafuta namba zote, kaanza upya na picha mpya. Thelathini na moja tena. Nyumba isiyo na namba safari hii ni ya kwake.

Mtu mwingine angeichana ile picha, yaishe. Mzee Kibwana ni mtu wa msimamo. Kaitisha mkutano, katangaza kwamba kiongozi ndiye wa kwanza kutii, na nyumba yake itavunjwa. Makofi! Wengine walipiga makofi kwa furaha zaidi ya inavyostahili. Vijana wawili wakapanda paani pale pale kuanza kung'oa makuti.

Kumbe mkewe, Bi Siti, hakuwa ameulizwa. Akatoka uani na mchi wa kutwangia. Vijana wakashuka bila ngazi. Kisha akauliza karani yuko wapi.

Karani alikuwa stoo ya korosho, nyuma ya magunia, mpaka adhuhuri. Rafaeli alinigongea mlango kunijulisha kwamba Bi Siti bado ananitafuta, na kwamba mchi ni mpingo mtupu. Rafiki gani huyu!

Alasiri nikatoka kutafuta baraza la tatu. Habari zilishanitangulia. Kila nyumba niliyoisogelea, wenyewe wamemwaga maji barazani nisikae. Babu mmoja kajilaza kwenye baraza lake zima, kajinyoosha miguu na mikono, akasema anaumwa. Kijiji chote kinaogopa makalio yangu! Mimi, karani wa serikali!

Na bado. Bi Siti kasema kama muhuri wa Ijumaa ni halali, basi na wa Jumatano ni halali: yake ikivunjwa, ya Bi Ziada nayo ivunjwe. Mwenyekiti kawaza, kasema hoja hiyo ina utaratibu. Nimerudi nyumbani na kuukuta ule mkeka umekunjwa tena.

Jumapili, 16 Juni.

Lori ni kesho. Nyumba mbili zinakwenda kuvunjwa kwa mkono wangu, mkono mwekundu juu yake. Nilimwambia Bi Ziada kweli kabisa kwamba sijui la kufanya. Yeye akanionyesha kwa kidole mkorosho mkubwa ulio kwenye kilima nyuma ya kijiji, akauliza kama kule juu kuna mtu amejenga.

Hakuna! Wazo zuri sana. Nikampongeza Mwenyekiti kwa kulikubali wazo langu.

Nimepanda. Mwenyekiti chini, kashika kopo la maji ya rangi. Bi Ziada kando yake, akinitajia nyumba moja moja kwa kidole. Kijitabu kina kurasa arobaini na hakikusema neno juu ya majimoto. Wale wadudu wekundu wa kwenye mikorosho, wanaoshona majani kuwa nyumba! Nimekalia nyumba yao. Wao hawakungoja muhuri.

Kijitabu kinasema dakika kumi. Nimetumia nne. Sijapata kuchora upesi namna ile. Na nyumba zote thelathini na mbili zimo! Chache zimepinda, ni pale nilipokuwa najipiga makofi mapajani. Rafaeli kapiga picha moja tu, huku anacheka mpaka machozi.

Mwenyekiti kahesabu mara tatu. Kisha kakunja uso. Kasema kuna kitu hakimo: mkorosho. Je, ukatwe? Wallahi nilitaka kulia. Bi Ziada kaninyang'anya mswaki kabla sijapiga muhuri, kachanganya buluu na manjano kiganjani, kauchora mkorosho kwa mipigo mitatu. Umetoka mzuri kuliko nyumba zangu zote. Uonevu mtupu.

Nikapiga muhuri. Chaki ikapita. Thelathini na mbili! Mlango wa Bi Ziada ni namba kumi na saba. Aliigusa ile namba kwa kidole, taratibu, asije akaifuta, kisha akaingia ndani kutandika mikeka. Nikageuka nitazame bahari kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Jioni kanipaka mafuta ya nazi nilipoumwa. Kaniambia siku nyingine nikitaka kuchora, kwanza nijiulize nimekaa wapi. Nikamwitikia kwa heshima zote. Hajasomea sanaa, mama wa watu.

Jumatatu, 17 Juni.

Lori limekuja, halikukuta wa kumhamisha, limetuchukua sisi wawili. Bi Ziada kanizawadia mkeka. Bi Siti kaja kutuaga, bila mchi. Mbuzi hakuja. Bado ni wa buluu.

Alhamisi, 27 Juni. Kilwa Masoko.

Picha za Rafaeli zimerudi kutoka Lindi. Kumi na moja ni kidole gumba chake. Nilicheka! Ya kumi na mbili ni mimi juu ya mkorosho, mguu mmoja hewani, mdomo wazi, Mwenyekiti kashika kopo, Bi Ziada kanyoosha kidole. Ndugu Katibu kacheka mpaka kavua miwani. Kisha kasema huu ndio ujamaa wenyewe: kiongozi, mwananchi na mtumishi katika kazi moja. Anayekwenda Dar ni Rafaeli.

Kitabu changu alikifunua pia. Akauliza kwa nini kijiji kimoja kina picha tatu zisizofanana. Nikamwambia ni mtindo.

Nimekaa nikafikiri. Kwenye picha yupo nani? Mimi. Basi anayekwenda Dar ni mimi, Rafaeli ni mbebaji tu. Roho yangu imetulia.

Jumatatu, 1 Julai.

Bahati haijanikimbia! Ofisi inahamia jengo jipya keshokutwa. Ndugu Katibu anataka orodha ya meza za kuhamishwa. Meza isiyo kwenye orodha itapakiwa lori la Likawage pamoja na mwenyewe, maana kule wanalilia karani mwaka mzima sasa. Likawage! Barabara inakatika wiki nzima mvua ikinyesha!

Rafaeli alishatoa kalamu aandike. Kuandika! Mambo ya kizamani! Nikamwomba Ndugu Katibu kazi hiyo aniachie mimi mwenye uzoefu. Akaniachia.

Nimetafuna mswaki mpya. Nimekaa mezani pangu dirishani, pale penye mwanga mzuri, nikaichora ofisi nzima kwa dakika nane. Meza ya Ndugu Katibu imo. Ya Rafaeli imo. Nimezikagua zote kwa kidole, kama alivyofanya Bi Ziada: kila meza ninayoiona imo, hakuna hata moja niliyoiruka. Nikagonga muhuri.

Rafaeli aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaitazama meza yangu, akalitazama dirisha. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimekwisha piga muhuri. Nikamwambia zamani. Akanishika mkono, akanipongeza kwa moyo wote, akajitolea kuipeleka mwenyewe kwa Ndugu Katibu, mbio.

Lazima niseme kweli. Tangu safari ile, Rafaeli ameanza kuwa muungwana.