Pistoni za Bei ya Undugu

Jumatatu, 5 Agosti

Mama Mkwe ametangaza leo, watu bado wana wali mdomoni. Jumamosi ya tarehe 17 kaburi la ukoo kule Arivonimamo litafunguliwa. Baba Mkwe atatolewa, kama ilivyo desturi yetu kwa wafu, atavishwa hariri mpya, atachezewa muziki, kisha atarudishwa. Mnajimu amekwisha kupiga hesabu zake: mlango ufunguliwe saa sita mchana kamili. Naye Mama atakwenda kwa katrela la marehemu, kile kigari cha Kifaransa kilicholala uani kwangu mwaka wa tatu sasa, kuku wakitagia humo. Nikimfikisha kabla ya saa sita, gari ni langu. Nikishindwa, ni la shemeji yangu Njaka.

Njaka ana gari jipya na tumbo jipya. Akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama najua injini ina pistoni ngapi. Nikamwambia zinatosha.

Nitaifufua mwenyewe. Hapa hapa nyumbani. Kwa bei ya kuku watatu!

Jumatano, 7 Agosti

Injini imeshuka. Imetandazwa juu ya mkeka wa mke wangu. Hanitra bado hajajua ni mkeka wake.

Pistoni zimekwisha kabisa. Nimempelekea Mzee Rapaoly, fundi wa kukereza vyuma mtaa wa pili, zile slivu, mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Akaniambia nipime kwanza, ndipo ninunue, maana pistoni na slivu ni mke na mume, huwaozi gizani. Kisha akataja bei ya kupima. Bei ya kupima! Mtu alipwe kwa kutazama! Kupima hakuongezi hata nati moja kwenye injini.

Nimepima mwenyewe kwa rula ya shule ya binti yangu Hanta. Sentimita saba na kitu. Hicho kitu hakionekani, basi hakina maana.

Alhamisi, 8 Agosti

Soko la Andravoahangy. Nimegundua njia!

Rabekoto, muuza vipuri vya zamani, alinitajia bei nikalazimika kukaa juu ya tairi. Nikiwa pale chini nikamuuliza lile swali la kwetu: kaburi lenu liko wapi? Arivonimamo, akasema. Nikashika kichwa. Arivonimamo! Nikamwambia ndiko kwa wakwe zangu, na tena tunafungua kaburi mwezi huu huu. Nikaanza kumtajia mabibi. Nilitaja watano, wawili kati yao waliwahi kuishi kweli. Kufika bibi wa nne, Rabekoto alikuwa amenishika bega na macho yana maji. Bei ikashuka nusu. Undugu ni kufaana, si kufanana, akasema. Nimeipenda sana methali hiyo.

Pistoni alikuwa nazo tatu tu. Ya nne nimeipata safu ya nyuma kwa Mama Razanamaro. Kaburi lao liko Miarinarivo, lakini niliupinda ukoo kidogo ukafika. Akaniongezea na gasketi ya silinda hedi, ile ya kuzuia maji ya injini yasivuje. Imetumika, ila mara moja tu, tena na mtu mwangalifu.

Njaka angelipia haya mara tatu. Mjini shule!

Jumapili, 11 Agosti

Pistoni za Rabekoto zinaingia, kisha zinacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake. Ya Razanamaro haiingii kabisa.

Mzee Rapaoly alipita akitoka kanisani. Akachungulia. Akavua kofia. Akasema nirudishe zote, nije nipimiwe, na safari hii atanipunguzia. Nilivyomwelewa mimi, biashara yake imedorora.

Lakini kurudisha nitarudisha. Hela yangu ni yangu.

Jumanne, 13 Agosti

Sikurudisha.

Rabekoto aliponiona tu akapaza sauti safu nzima isikie: "Ndugu yangu huyoo! Mleteeni kiti!" Nikaletewa kiti, vitumbua, kahawa. Sasa unamrudishiaje ndugu kitu chake mbele ya watu waliokuandalia kiti? Ni kama kumtemea kwenye supu. Nikausukuma mfuko wa pistoni chini ya kiti kwa kisigino.

Akasogea karibu. Akasema kuna jambo limemuuma tangu Alhamisi. Nimemwambia kaburi linafunguliwa, halafu nimeondoka bila kumwalika. Je, amenikosea nini? Kumwacha ndugu nje ya shughuli kama hiyo ni tusi lisilosahaulika. Nikamwalika. Mama Razanamaro akasikia kutoka safu ya nyuma, akaja, akalia kidogo. Nikamwalika naye. Ana wajukuu watatu. Wote watapanda na mimi, kwa sababu ndugu hapandi basi wakati ndugu yake ana gari.

Jioni nimeisugua pistoni ya nne kwa msasa hadi ikaingia. Chuma nacho husikia kikibembelezwa.

Ijumaa, 16 Agosti

IMEWAKA!

Moshi wa buluu umefunika ua, nguo za jirani na jirani mwenyewe. Inagonga kidogo, kama mtu anayetwanga kisamvu. Hanitra kasema injini ya babake haikuwa ikitwanga. Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo nguvu. Njaka akapiga simu, akauliza hiyo kelele ni ya nini. Nikasema majirani wanapika.

Kesho gari ni langu. Sijui Njaka ataficha wapi uso wake.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumeondoka saa moja asubuhi. Mbele, Mama Mkwe, hariri magotini. Nyuma, Hanitra, Rabekoto, Razanamaro, wajukuu na kapu la mchele. Hanta alilitazama gari, akaenda kupanda kwa mjomba wake. Rabekoto akanitaka nimtajie Mama mabibi wote watano, nikawataja. Mama akafurahi mno. Alisema hakujua ukoo wake ni mkubwa hivyo.

Tulisimama mara tisa kuongeza maji. Ile gasketi haikuwa ya mtu mwangalifu.

Saa nne na nusu, kilima cha mwisho, kilomita nne tufike, pistoni ya nne ikang'ang'ana kwenye slivu. Krak! Kimya.

Njaka akatokea nyuma yetu, kioo chini, muziki juu. Akamfungulia mamake mlango. Mama hakugeuza hata shingo. Alisema alimwahidi marehemu atafika na gari lake, na atafika nalo. Njaka akaniambia, "Basi shemeji, Jumatatu nakuja na kamba." Nilitaka kulia. Nililia kidogo.

Rabekoto akapotelea mashambani. Akarudi na ng'ombe wawili wa kuazima na kamba nene. Akalifunga katrela, akavua viatu, akatangulia mbele akipiga mluzi. Sisi wengine tukasukuma. Ilipobaki robo saa kutimia saa sita, tukaingia makaburini, na wapiga tarumbeta, wakidhani ni heshima maalumu, wakatupokea kwa wimbo. Mama alikuwa akipungia watu mkono dirishani. Sijawahi kumwona na furaha ile.

Tumefika! Kabla ya saa! Ndani ya gari! Nikajiweka sawa kusubiri tamko.

Mlango ukafunguliwa, marehemu akabebwa mabegani, watu wakacheza. Kisha Mama akanyamazisha tarumbeta. Akasema gari ni la aliyemfikisha, naye ni Rabekoto.

Nikaruka. Nikasema gari la marehemu haliwezi kutoka nje ya ukoo! Mama akanigeukia taratibu.

"Baba Hanta, huyu ni damu yetu au si damu yetu? Mabibi watano umenitajia mwenyewe."

Watu mia mbili wakanitazama. Baba Mkwe naye, ndani ya hariri mpya, mita mbili kutoka nilipo. Niseme nilidanganya, tena hapo, mbele yake? Nikatazama chini.

Nikasema ni damu yetu.

Njaka alicheka hadi akakaa kwenye majani. Rabekoto alinikumbatia akilia kweli kweli. Nikampa ufunguo.

Jumatatu, 19 Agosti

Katrela limeondoka. Injini iko kwa Mzee Rapaoly, inapimwa. Rabekoto amelipa bila hata kubishana. Watu wana pesa za kuchezea!

Hanitra ameujua mkeka wake.

Nimekaa kutwa nikitafakari makosa yangu, kwa uaminifu, bila kujionea huruma. Kosa lilikuwa moja tu: pistoni nne ni nyingi mno. Nyingi mno! Pale Isotry kuna kigari kingine cha Kifaransa kinauzwa, injini imekufa, na hiyo ina pistoni mbili tu. Nusu ya kazi, nusu ya gharama. Mwenye nacho ni mtu wa Ambositra, mpole, mpweke, anaonekana hana ndugu kabisa hapa mjini. Na mezani kwa muuza vipuri jirani yake kuna pistoni mbili safi za bei poa. Nimeziangalia kwa jicho.

Zinaingia.