Nirudishiwe Fagio ya Madame Yolande

Saint-Gilles, mwezi wa tano, 2011

Kwa Bwana Jamal, mwenye nyumba yetu,

Bwana Jamal muheshimiwa, nawaandikia kwa adabu yote, nimevaa hata veste, kwa sababu barua ya maana haiandikwe na pyjama. Munanifahamu: ni Tonton Donat wa étage ya pili, mupigaji wa gitaa ya basse, ile ya sauti nzito, mu orchestre ya Papa Bertin. Ninajua mumezoea barua za watu wanaolalamika kelele. Mimi ninalalamika kimya.

1. Mwezi uliopita, wakati nilikuwa napiga mu café moja pale Flagey (njiwa zote za ule uwanja zilishuka zikapanga mustari mbele ya mulango, muulize muntu yeyote), shemeji yenu alikuja akabandika mousse, ile sifongo nene ya manjano, kwenye plafond, ile dari, ya Madame Yolande, mubibi Mubelgiji anayekaa chini yangu. Mulifikiri munamupumuzisha na basse yangu. Bon, nia nzuri. Lakini mimi muliniuliza? Miaka yote hii, kila jioni nikianza kupiga, fagio ya Madame ilikuwa inanijibu kwenye plafond: pa! pa-pa! pa! Nilikuwa naisikia mu parquet, zile mbao za chini, chini ya kisigino, na kidole changu kinaanguka pamoja nayo. Ile ni hasira safi, haikawii, haikimbii. Bwana yake, Papa Mathieu, ni muntu wa kimya, sijamusikia hata kukohoa, lakini Madame! Hakuna batteur, mupiga ngoma, mu Bruxelles mwenye temps, mwendo wa mapigo, ya namna ile. Bertin mwenyewe alishangaa: "Tonton Donat, hiyo temps unaitoa wapi?" Nikamujibu iko mu damu, tangu Lubumbashi. Voilà, sasa munajua damu yenyewe ilikuwa ya muti na nyuzi za plastiki. Tangu mousse, hata pa moja sisikii.

2. Mutasema pengine gitaa njo mbovu. Aa! Gitaa hii niliitengeneza na mikono yangu. Mwili wake ni mulango wa ile armoire, kabati ya nguo, mulinipatia pamoja na chambre, chêne ya kweli, mbao ngumu, merci mingi. Shingo niliitoa kwa gitaa iliyovunjika, kwa soko ya vitu vya zamani. Kamba zikichoka nazichemusha na siki mu sufuria ya Riziki, muke wangu, na zinalia tena kama mpya (wali unakuwa na ladha ya chuma kidogo, ni afya). Radiateur yenu, ile chuma ya joto, ikikausha shingo mpaka ikapinda, nakaza ule muchuma wa ndani na clé, robo ya muzunguko, pas plus, haipite. Nilipiga nayo note moja ya chini mu baptême, ubatizo, kule Anderlecht: mutoto akanyamaza, na jiwe ya figo ya baba mukubwa wake ikatoka. Docteur ni shahidi.

3. Nilijaribu dawa zingine. Nilinunua metronome. Kale ka machine kanasema tac, tac, tac, hakana kitu kinakauma. Nilimuomba Riziki agonge meza na mwiko. Aligonga vizuri mara mbili, ya tatu ikaangukia mukono yangu: "Donat, wali unaungua."

4. Sasa kilio chenyewe. Samedi hii, Jumamosi, Océane, mutoto wa dada yangu, anaolewa. Salle iko Koekelberg, karibu na Basilique. Tangu alikuwa na meno mawili nilimuahidi kwamba siku ya ndoa yake ataingia na basse yangu. Alors, juzi kwa répétition, mazoezi ya orchestre, nilikosa temps, nikakosa tena, Bertin akasimamisha orchestre yote: "Tonton, unapiga sawa vile muntu anatafuta clé ya nyumba mu giza. Jeudi, Alhamisi, kwa répétition ya mwisho, ukikosa tena, basse napatia Kabeya." Kabeya! Mutoto wa juzi, gitaa yake ilitoka mu carton imeshamalizika, hajakaza hata visi moja! Wote walicheka. Océane, alikuwa amekuja kuchagua wimbo, yeye hakucheka. Aliniangalia tu: "Tonton, si uliniahidi?" Hiyo ndiyo inaninyima usingizi, Bwana Jamal.

5. Na madhara haitaishia kwangu. Bila fagio hakuna temps. Bila temps bibi arusi ataingia na muguu wa kushoto, bwana arusi na wa kuume, watakanyagana. Wakikanyagana samedi, dimanche watagombana, lundi familia zitanyimana salamu, na kisha Wacongo wa Bruxelles hawataingia tena salle moja. Nani atatupatanisha? Wabelgiji wenyewe, munawaona, mpaka leo wanashindwa kuunda serikali. Yote hiyo juu ya sifongo.

Donc, naomba mutoe mousse mbele ya jeudi. Kama haiwezekani, mutoboe tundu, upana wa muti wa fagio, basi. Na kama tundu nayo hamutaki, ninyi wenyewe, kila jioni kisha sala ya magharibi, mushuke kwa Madame mushike fagio. Ninyi ni muntu wa Bujumbura, kwenye ngoma kubwa, hamushindwi na temps.

Naacha hapa, wino inakauka na mimi bado niko na moto. Salamu kwa muke wenu Maman Latifa, kwa watoto, kwa wapangaji wote mpaka yule wa cave kule chini ya nyumba, na kwa shemeji yenu wa mousse. Mikono yake ni mizuri, njo shida.

Ni mimi mupangaji wenu,
Tonton Donat

P.S. Barua ilikuwa bado mezani, Madame Yolande akapanda mwenyewe. Kumbe hajawahi kushika ile fagio, isipokuwa kufagia! Aliyekuwa anagonga ni Papa Mathieu. Ujana wake alipiga ngoma mu fanfare, bendi ya tarumbeta, na alikuwa ananigongea eti kwa sababu ninakimbia temps. Mimi, kukimbia! Sasa, wiki ile ile ya mousse, alianguka mu bain, kule bafuni, akavunja mifupa ya kiuno, yuko maison de repos, nyumba ya wazee, kule Koekelberg, na kila jioni Madame ananyanyua simu kwenye plafond ili muzee anisikie. Simu haibebi basse. Leo tulienda naye, na gitaa. Muzee alishika canne, fimbo yake, akagonga chuma ya kitanda: pa! pa-pa! pa! Kisigino changu kikamutambua kabla ya masikio.

Mousse muiache, Madame anasema inamupatia joto. Jeudi nitamupigia Bertin basse nikitoka kwa muzee, Kabeya arudishe gitaa mu carton. Lakini samedi mutuletee camionnette yenu, ile gari ya mizigo, muzee na kiti chake cha magurudumu wanakuja arusini. Plafond ya salle iko mbali, kwa hiyo nimemutengenezea kisanduku cha kugonga. Mulango wa pili wa armoire, musiutafute.