Kibandiko cha Téra Moja

Diski ya Mama Kadidja ilijaa. Mashine yake, laptop ya kuchapia barua kwenye kibanda chake cha fotokopi pale Majengo, Goma, ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha maharage kabla ya kufungua ukurasa mmoja, halafu inaandika kwamba hakuna nafasi tena.

Védaste alikuwa amekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho tu. Lakini alipomwona yule mama akiipiga mashine kofi, aliweka kitambulisho mezani, akavaa uso wa daktari.

Védaste alijiita ingénieur, yaani injinia. Yeye na shule waliachana mapema, na hakuna upande uliolia. Alichokuwa nacho duniani ni meza kando ya barabara, bisibisi tatu, ulimi, na Diski Mama. Diski Mama ilikaa ndani ya laptop yake: système za kuendeshea kompyuta, programme na filamu alizokusanya kwa miaka, ambazo kila siku alizitia kwenye mashine za watu na kulipwa. Hakuwahi kuinakili mahali pengine. Bila hiyo, Védaste ni mtu aliyesimama juani na bisibisi.

"Mama, hii mashine haigonjwi," alisema. "Nyumba ndiyo ndogo. Watoto wamezaliwa, chumba kimebaki kimoja."

"Sasa nitupe watoto?"

"Hapana! Tunahama. Ninatoa système, programme, barua, picha, yote, naingiza mu diski ya téra moja, giga elfu nzima. Ukifungua, hata kijiko utakikuta pale ulikiacha."

"Bei?"

"Mu duka ni dola mia." Aliangalia nyuma, akashusha sauti. "Mie niko na moja ilitoka mu bureau fulani ya wazungu. Usiulize ilitoka namna gani. Hamsini."

Macho ya Mama Kadidja yaling'aa. Védaste aliupenda mng'ao huo, maana ndio uliomlisha. Mtu anayedhani amenunua mali ya wizi haendi kulalamika popote.

"Arobaini," mama alisema.

"Mama, unaniua."

"Usifie hapa, wateja wanapita."

Alipoibeba mashine aliona nukta nyekundu ya rangi ya kucha kwenye kona yake. Kwenye kiti kulikuwa na nyingine. Kwenye thermos pia, na kwenye mkasi. Zamani Mama Kadidja aliuza maharage pale Kituku, soko la ziwani, ambako magunia ya watu wote hushuka kutoka mtumbwi mmoja, na asiyetia alama hurudi nyumbani na gunia la mwenzake. Alihamia kwenye fotokopi, akaja na chupa yake ya rangi. "Hata kuku wake iko na nukta," mteja mmoja alinong'ona. Védaste alicheka hadi kwenye meza yake.

Kuhamisha système kwa kweli ni kazi. Inataka diski kubwa, inataka saa nyingi za kunakili, na inataka umeme ambao hauna mzaha wa kukatika katikati. Védaste alikuwa na njia fupi. Alitoa diski ya mama, akaipangusa vumbi, akabandika juu yake kibandiko kilichoandikwa 1 TÉRA, akairudisha ileile palepale. Akafuta mafaili machache ya takataka ili mashine ipumue. Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna kinachopotea. Mteja anakuta kila kitu mahali pake na anashangaa. Kusema haki, hakuna anayehamisha système kwa usafi kama yule asiyeihamisha.

Mchana Mama Kadidja akaja mezani kwake. Barua zipo. Picha za harusi ya binti yake Nasiba zipo. Mashine inakimbia. Akatoa dola arobaini, Védaste akazitia mfukoni.

"Aksanti, ingénieur. Sasa leta ya zamani."

"Ya zamani gani?"

"Diski. Bwana yangu iko dereva. Fundi akibadilisha piesi ya gari, anamupa ile ya zamani mu mukono. Asipoitoa, hajabadilisha kitu. Weye umebadilisha, ao?"

Hilo Goma nzima inalijua. Védaste mwenyewe hajawahi kuondoka kwa fundi wa pikipiki bila mnyororo wake wa zamani. Ila wateja wake wote walikuwa watu wa ofisi, watu wasiojua hata bougie, ile plagi ya injini, na raha ikamsahaulisha.

"Mama, ile imekufa. Iko na virusi. Itaambukiza hata thermos!"

"Nitaifunga mu kitambaa."

Madereva wawili wa pikipiki walisogea. Ugomvi wa piesi ni asali kwao. "Papa, mupe mama piesi yake!"

Mezani kulikuwa na diski za mashine kubwa, nene kama matofali. Nyembamba, ya laptop, ilikuwa moja tu. Védaste aliinama kama mtu anayefunga kiatu, akafungua laptop yake chini ya meza, na vidole vyake vikatoa Diski Mama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akamkabidhi mama, akajifariji: kesho ataenda kuinunua kama chuma chakavu.

Asubuhi alifika Majengo na tabasamu. "Mama, diski zilizokufa mie ninazinunua. Dola tano."

"Karibu, ingénieur. Gunia nikinunua, ninafungua. Angalia."

Mashine ilikuwa imelala chali, tumbo wazi. Diski ilikuwa na kibandiko cha 1 TÉRA, na ubavuni mwake nukta nyekundu.

"Rangi yangu ya siku nilinunua mashine, nayo imehama?"

Védaste aliisugua nukta kwa kidole gumba. Haikutoka.

"Na ile maiti yako nimemupa Nasiba aijaribu. Inapumua! Téra moja kamili, filamu tele, barua yangu hata moja hamuna. Iko ya nani?"

"Mama, ni yangu. Nisamehe. Ndiyo kazi yangu yote."

"Pesa sikudai. Uliniuzia téra moja, nimeiona. Ulisema tunahama. Basi hamisha." Akamsogezea kiti. "Ao nimuite bwana yangu na madereva wenzake?"

Védaste alikaa. Akaunganisha diski mbili. Programme ikaonya kwamba vyote vilivyomo kwenye diski kubwa vitafutika, ikauliza kama aendelee. Kidole chake kilikataa kushuka. Mama Kadidja akashusha chake.

Umeme haukukatika siku hiyo, jambo la ajabu. Jioni système ya mama ilikuwa ndani ya Diski Mama, na kila kijiko mahali pake. Mama akatia nukta ubavuni, akabandua kile kibandiko, akakibandika kwenye shati la Védaste.

"Kazi nzuri. Kumbe unaijua!"

Ilimgharimu hivi. Diski moja ya dola mia, aliyoiuza arobaini. Système zote, programme zote, filamu zote. Siku nzima juu ya kiti chenye nukta, akifanya kazi halali kwa mara ya kwanza. Na fotokopi ya kitambulisho, ile aliyoijia tangu mwanzo: faranga mia mbili. Aliomba apunguziwe, mama akakataa.