Taa ya Nyuma ya Oswald

Jumatatu, 4 Novemba

Simu kutoka Kasulu asubuhi. Mama Mdogo Ndayikunda, mdogo wake Mama, chakula hakipiti tena. Anachotaka ni kumwona dada yake. Mama amejifunga kitenge cha safari, akaja kwangu Mwanga kwa miguu kutoka Kasingirima, akauliza tunaondoka lini. Nikasema Jumatano.

Tatizo ni taa ya nyuma, ya kushoto. Niliivunja mwenyewe kwenye nguzo ya umeme, nikirudi nyuma kwa mbwembwe. Bila taa sipiti ukaguzi, bila stika ya ukaguzi sivuki kizuizi cha trafiki. Mtaani kwetu siku ya ukaguzi watu huazimana. Mtungi wa kuzimia moto ni wa Telesphory, pembetatu ni ya Thobias, na vimeshakaguliwa pamoja na magari yote ya stendi. Lakini taa kama yangu anayo Oswald peke yake. Oswald huyu huyu aliyeninyang'anya abiria wa sokoni! Ametuma ujumbe kwamba nikitaka taa niseme tu, na kwamba yuko tayari kumpeleka Mama hata leo. Nimemwambia Mama gari la Oswald linatapisha watu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata akili. Beseni jekundu la mke wangu, Leonia. Nimelikata kwa msumeno, nikabandika kwa gundi. Kwa mbali huwezi kujua. Leonia amerudi kutoka sokoni, akauliza beseni lake. Nikasema huenda limeazimwa. Akalitazama gari kwa muda, akaenda kufulia kwenye ndoo.

Mama Mdogo amepiga simu kuuliza kama dada yake ameshaondoka. Mama hajui kudanganya, kwa hiyo nikachukua simu nikasema tuko njiani. Ili apate moyo tu.

Jumatano, 6 Novemba

Ukaguzi. Nimewahi foleni. Afande akaridhika na mtungi, akaridhika na pembetatu. Akasimama nyuma ya gari, akasema nikanyage breki. Nikakanyaga. Akauliza mbona sikanyagi. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Plastiki ya beseni ni nzito, mwanga haupenyi kabisa. Afande akakigonga kipande kwa kalamu, kikaangukia kiatu chake. Akakiokota, akaniuliza mke wangu anafulia kwenye nini siku hizi. Foleni nzima ilicheka. Oswald alikuwepo na hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jioni simu tena. Tangu jana Mama Mdogo ameomba atolewe nje. Wamemkalisha barazani, wamemwegemeza mito, anatazama barabara. Kila gari likipita anauliza kama ni sisi. Mama akajifunga tena kitenge cha safari. Nilijisikia vibaya sana. Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 7 Novemba

Chupa ya maji na rangi ya kucha ya Leonia. Mwanga unapita, tena mwekundu safi. Nikaiacha taa inawaka wakati nakunywa chai, kusudi mtaa wote uone. Balbu ikapata moto, chupa ikajikunja yote. Harufu ilifika mpaka kwa Telesphory.

Nikaenda Rusimbi kutafuta taa kuukuu kwa mafundi. Nimerudi mikono mitupu, nikakuta taa nzima imefungwa kwenye gari langu. Mama alikuwa amekwenda mwenyewe kumwomba Oswald. Alishaketi kiti cha mbele, kikapu cha samaki, migebuka mikavu, mapajani. Akaniita kwa Kiha mwana wanje, yaani mwanangu, akasema sasa twende. Nikamweleza kwamba stika kwanza, na ukaguzi umefungwa mpaka kesho. Oswald akainama dirishani, akasema yeye stika anayo, anaweza kumpeleka sasa hivi. Nikamjibu kwamba Mama ameshapanda gari la mwanawe. Mama akashusha kikapu.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimepita! Afande akasema breki inawaka vizuri, akabandika stika kwenye kioo. Nikapiga honi kuanzia hapo mpaka Kasingirima. Nikawakuta wanawake wamekaa chini uani kwa Mama. Mama Mdogo amefariki saa nne, pale pale barazani. Alikuwa amekataa kuingizwa ndani.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumezika. Mama hakupanda gari langu, alikwenda na Oswald. Sikumlaumu. Nililia njia nzima, nikifuata nyuma yao, nikitazama taa yao moja. Kizuizini trafiki alimsimamisha Oswald, akamuuliza taa ya kushoto iko wapi. Oswald alisema imevunjika. Mimi aliitazama stika yangu, akanipungia mkono nipite.

Mito ya Mama Mdogo bado iko barazani, imeelekea barabarani. Nilishindwa kupita hapo, nikazungukia mlango wa uani.

Mama anabaki mpaka matanga yaishe. Oswald amejitolea kuja kumchukua. Nimemkatalia mbele ya watu, huyu ni mama yangu. Na taa yake sirudishi mpaka aje aiombe kwa adabu. Mama akaniuliza nitakuja lini. Gari liko tayari, ni indiketa ya kulia tu imepasuka, na Leonia ana bakuli moja la rangi ya chungwa. Nikasema Jumatano.