Darasa la Kihispania Nyuma ya Duka la Rangi

Siku kiwanda cha nguo kilipofungwa na mafundi wakaambiwa "nendeni, tutawaita", Senyori alinusa riziki kama paka aliyesikia sufuria ikifunuliwa. Watu wenye njaa na matumaini kwa mpigo mmoja! Tapeli akuombe nini tena, Mola?

Alikodi chumba nyuma ya duka la rangi, akabandika tangazo: KIHISPANIA KWA WANAOANZA. KAZI ZA HOTELI NG'AMBO ZINAWANGOJA. Asiye na ada aliweka rehani kitu chake, kikapangwa kwenye rafu ya darasa. Bi Uzi, aliyemaliza ujana wake kwenye kile kiwanda, aliweka cherehani yake, chombo pekee kilichobaki kumlisha yeye na wajukuu.

"Kwangu mimi, unachosema unakitenda," alisema Senyori, ambaye Kihispania chake alikiokota kwenye tamthilia za televisheni. "Yo abro la puerta: nafungua mlango. Haya mama, fungua!"

Bi Uzi akafungua. Yo tomo la silla: nachukua kiti. Akachukua. Tusimsingizie mtu, walijifunza. Uongo ulikuwa kwenye hizo hoteli.

"Mwalimu, hoteli yenyewe inaitwaje?" Bi Uzi aliuliza.

"Siri ya kikazi, mama."

Bi Uzi akanyamaza. Mnyonge akinyamaza, mwizi hudhani ameridhika. Wakubwa nao hudhani hivyo hivyo, ndiyo maana hulala vizuri.

Kisha Senyori akamnasa samaki mnono: bosi anayejenga hoteli ya watalii, aliyetaka wahudumu wake wote wafundishwe. Akaja kulikagua darasa. Ni yule yule bosi wa kiwanda, wa "tutawaita". Yeye hakumkumbuka hata mmoja. Wao walimkumbuka mpaka fundo la tai.

"Mwonyesheni bosi!" akaamuru Senyori.

Bi Uzi akasimama. "Yo tomo la máquina. Nachukua mashine." Akaikumbatia cherehani. Bosi akapiga makofi.

"Yo abro la puerta," akasema jirani yake, pasi yake mkononi, akafungua mlango.

"Yo salgo," akasema Bi Uzi. "Natoka." Akatoka.

Jasho likamchuruzika Senyori. "Eeh, akina mama, inatosha..."

"Waache bwana!" bosi akamkemea. "Hii ndiyo elimu! Wangu hata salamu hawaijui."

Senyori angepiga kelele vipi? Angeulizwa vile vitu ni vya nani. Akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Redio ikatoka. Jiko likatoka. Kila mmoja na sentensi yake, safi kabisa.

Wa mwisho akamsogelea bosi kwa adabu zote. "Yo tomo el sombrero. Nachukua kofia." Akaivua kichwani pa bosi, akaivaa mwenyewe. "Adiós, baba!"

Bosi alicheka mpaka machozi. Chumba kilipotulia, akapapasa kipara chake.

"Hodari sana, mwalimu. Na kurudi, wanasemaje?"

Senyori akaitazama rafu tupu.

"Hilo, bosi, hatujalifikia."